Vitunguu vya Bridget

Kosa lilikuwa la neno. Bridget, bibi ambaye Verdiane humwogesha na kumpikia huko kazini, alimgawia mbegu za dafodili, maua ya njano ya kizamani, yale yanayowahi kuchanua baridi inapoanza tu. Zilikuwa za mviringo, zenye maganda makavu ya kahawia. Verdiane alikosa jina la kuziita, akaziita vitunguu. "Hivi ni vitunguu vya Bridget," alimwambia Lydie, mama wa mumewe Juvénal, akavitundika kwenye wavu gereji hadi msimu wa kupanda. Hakuongeza neno, na hapo ndipo alipojiponza.

Jioni moja alirudi kutoka shifti akakuta wavu mtupu na nyumba inanukia maharage. Bridget alikuwa amemwonya kwamba vitunguu vile ni sumu.

"Mama, ile vitunguu ya gereji iko wapi?"

"Si nimepikia maharage," Lydie alisema. "Lakini ni kichungu, mwanangu. Nimeona haya kukupakulia wewe na Juvénal. Nimekula mimi, nyinyi nimewapikia ingine."

Katika kambi ya wakimbizi Lydie hakuwahi kumwaga chakula, na kuhamia Sydney hakukumbadilisha. Verdiane alipiga simu ya dharura, na Kiingereza karibu chote kikamtoka kichwani.

"Mama yangu amekula kitunguu," alisema.

Mwanamke wa simu akauliza, "Kitunguu tu?"

"Kitunguu cha ua! Ua la njano!" Alikuwa analia sasa. Nyuma yake Lydie alianza kutapika kwenye sinki.

Ndani ya ambulensi Verdiane alimshika mkono, mkono wa baridi wenye jasho, akamwomba Mungu asimfanye muuaji wa mama wa mumewe. Lydie alifumbua macho.

"Sasa kwa nini uliviita vitunguu?"

Verdiane akamfuta jasho usoni.

Lydie alipona, akarudi nyumbani na domo lake lilelile. Kitunguu kimoja kilikuwa kimebiringika nyuma ya mashine ya kufulia. Verdiane alitaka kukitupa, Lydie akakataa, akakipanda mwenyewe kando ya uzio wa bustani.

Baridi ilipoanza, asubuhi moja sauti ya Lydie ilisikika kutoka bustanini.

"Verdiane, njoo uone. Sumu yako imechanua."

Verdiane alitoka mbio, miguu peku. Ua lilikuwa pale, la njano, zuri kweli. Lakini yeye alimtazama kwanza Lydie mdomoni, aone kama anatafuna.