Baraza la Mama

Juzi pale Lusahunga nilimwona fundi akimwagilia zege lililofunikwa majani ya migomba, na harufu ya saruji mbichi ikanirudisha kwetu Nyakahura, mchana ule mama alipomwaga zege la baraza letu. Baba alikuwa ameshafariki. Baba mdogo alifika wakati makoleo yakikwaruza kokoto.

“Shemeji, acha. Hii ni ardhi ya kaka yangu.”

“Zege halilali,” mama alijibu, akajitwisha karai lingine.

Kuanzia kesho yake alilimwagilia maji kama mchicha. Nilidhani analiotesha, nikawa nachungulia chini ya majani ya migomba aliyolifunika kuona kama limechipua. Leo najua maji yalikuwa yanalikomaza. Baba mdogo alisema tutahama. Hatukuhama. Siku hizi akija, husimama juu ya baraza lile na kupiga hodi.