Usinipandie Mti

Nyumbani kwetu Ibra, huku Uarabuni, mtu akisema ana shamba, mama yangu haulizi liko wapi wala lina ukubwa gani. Huuliza, "Lina miti mingapi?" Ndivyo walivyohesabu mashamba watu wa Pemba, na mama, ambaye sote tunamwita Bimkubwa, alitoka Pemba akiwa mwanamwali na hesabu yake hajaibadilisha. Shamba la baba yake lilikuwa la mikarafuu. Baada ya mapinduzi, serikali ililikata vipande vya eka tatu tatu ikawagawia watu waliokuwa wakikaa na kulima humo. Tangu nipate akili sijapata kusikia neno "eka" likitajwa mbele yake asinune.

Mimi nimesomesha historia katika skuli ya wasichana zaidi ya miaka ishirini. Nimestaafu, lakini kustaafu hakujaniondolea tabia ya kusahihisha watu. Ninachokijua nakijua, na nakisema. Natanguliza hili ili ieleweke mapema kwamba katika kisa hiki aliyekosea ni mimi, na nilikosea kwa sauti kubwa.

Bimkubwa alipovunjika nyonga tulimwajiri mwanamke kutoka Ufilipino aje amtunze. Ana miaka thelathini na kitu, mikono yake ina nguvu, na kucheka kwake hakungoji ruhusa. Alikuja akitaraji kujifunza Kiarabu, lakini Bimkubwa hakumsemesha ila Kiswahili, na baada ya miaka miwili akawa anaingia chumbani asubuhi na "Shikamoo Bimkubwa, tumeamkaje leo?" Wageni wetu wakimsikia hudhani tumemfundisha mchezo. Makosa yake ya Kiswahili ndiyo hayo hayo ya wajukuu zangu, kwa hiyo sina uso wa kumcheka.

Jumatano moja baada ya sala ya alasiri tulikuwa bustanini, karibu na mfereji wa falaj unaopitisha maji ya mtaa. Bimkubwa alikuwa kwenye kiti chake na kikombe cha kahawa. Nilimwona yule mwanamke ameinamia simu, macho mekundu.

"Kuna nini?"

"Shamba ya baba, mama mwalimu. Wanataka kuichukua tena."

Nilimkalisha nikamuuliza, akanieleza habari yote. Baba yake, na babu yake kabla ya hapo, walikuwa wakikata miwa katika shamba kubwa la ukoo mmoja huko kisiwani kwao. Baina ya mavuno na upandaji kulikuwa na miezi isiyo na kazi wala ujira. Wenyewe wanauita wakati mfu, na katika miezi hiyo yeye na ndugu zake walikuwa wakishindia uji mwepesi. Kisha ikapita sheria kwamba ardhi apewe anayeilima. Sheria ilikuja upesi, ardhi ikachelewa. Baba yake aliandamana, akalala nje ya ofisi ya ardhi na wenzake, akangoja mpaka mtoto aliyekuwa mgongoni mwa mkewe akamaliza skuli. Mwisho alipata hati. Lakini kiwanda cha sukari na malori ya kupeleka miwa yalibaki kwa ukoo ule ule.

Sasa mzee mgongo umemwishia, na ukoo umemtuma mtu na mkataba: wao wakodi kipande chake kwa mavuno kumi na tano, na yeye wamwajiri awe anapalilia humo humo. Kaka yake huyu binti alitaka watie saini. Baba alikuwa amesema hatii mpaka binti yake mkubwa aseme. Mtu wa mkataba angerudi Jumapili.

Nikamuuliza ukubwa wa kipande, nikapiga hesabu. "Eka mbili na nusu," nikatangaza. Kisha nikamshauri, na nilisema vizuri kama darasani. Atie. Kukodisha si kuuza. Hati itabaki ya baba yake, na mzee atapumzika. Niliwahi hata kutaja nchi nyingine tatu zilizogawa ardhi na yaliyozipata.

Bimkubwa akaweka kikombe chini.

"Eka ngapi?"

Neno lilikuwa limekwisha kunitoka.

"Kumbe ni hao hao," akasema. "Nimemtia nyumbani mwangu mtoto wa watu wa eka tatu. Waliokaa kwa mtu, wakala kwa mtu, kisha wakalitwaa shamba la mtu. Khalas. Nirudisheni ndani."

Siku mbili hakukubali kuogeshwa naye wala kuchanwa nywele. Nikawa namwogesha mimi, na mimi mikono yangu mizito, akalalamika kila nilipomgusa. Yule mwanamke aliendelea kutoa shikamoo yake kila asubuhi, akijibiwa na mgongo. Nilimwonea huruma hata nikaingia hasira, lakini Bimkubwa hasemwi na mtu, na mimi ndiye niliyetamka neno lenyewe.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana akatuita sote wawili. Akamnyooshea kidole akae kitandani, karibu.

"Hebu n'ambie, mwanangu. Hilo shamba la baba yako lina miti mingapi?"

"Hamna mti, Bimkubwa. Miwa tu."

"Hata mnazi? Kwani kwenu hakuna minazi?"

"Iko mingi, kwa watu. Kwetu hapana. Zamani mwenye shamba hataki mti."

"Hiyo zamani. Na tangu mpate karatasi yenu?"

Akafikiri. Niliona uso wake ukibadilika kabla hajajibu. "Hajapanda."

"Miaka mingapi sasa?"

"Kumi na mbili."

Bimkubwa akafumba macho. "Astaghfirullah. Bado anamwogopa."

Kisha akatueleza jambo ambalo mimi, mwanawe, mwalimu wa historia, sikupata kulisikia hata siku moja. Kwao Pemba, mtu aliyekaa shambani mwa mwenziwe aliruhusiwa kulima chini ya mikarafuu. Apande muhogo, viazi, kunde, ale na wanawe. Mti ndio alikatazwa. Muhogo unang'olewa ukaisha, lakini aliyepanda mti amekwishapata haki yake pale, na wajukuu zake watakuja kudai. Wenye mashamba wote walilijua hilo na wote walilichunga.

"Palikuwa na mtu na mkewe, wamekaa upande wa bondeni," akasema. "Wakapata mtoto wa kike. Yule bwana akampandia mtoto mnazi nyuma ya kibanda, kama watu wanavyofanya. Mimi nina miaka minane, tisa. Nikauona, nikafurahi, nikaja kusema mezani: Baba, yule mtoto ana mnazi wake!" Akavuta shuka. "Baba akamaliza kula, akanawa, akachukua jembe. Hakupiga kelele, baba yangu hakuwa mtu wa kelele. Akaung'oa mbele yao. Akasema: kaa, lima, kula, lakini usinipandie mti. Yule mwanamke kampakata mtoto, ananitazama mimi. Si baba. Mimi."

Miaka yote hiyo nimeisikia hadithi ya shamba letu: uzuri wake, harufu ya karafuu zikianikwa, siku waliyofukuzwa. Nimeisomesha, kwa namna yangu. Mnazi ule haukuwemo. Niliona aibu, na niliona pia kwamba mama yangu amebeba kitu kizito kwa muda mrefu sana bila ya mtu wa kumtua.

"Hao wanaotaka kukodi wasikudanganyeni na karatasi," akaendelea, na sasa sauti ilikuwa ya mwenye shamba anayejua kazi yake. "Sisi twawajua kwa sababu ni sisi. Mavuno kumi na tano! Wataingiza trekta, mipaka itafutika, baba yako atazoea kuamrishwa, na ndugu yako atazoea zaidi. Miwa ya kiwanda hamuili mkashiba. Apande minazi mpakani pande zote nne. Katikati atie muhogo na migomba, wale. Leo, si kesho. Huyo mtu aje akute miti."

"Mnazi unachukua miaka kuzaa, mama," nikasema. Sikujifunza upesi.

"Ndiyo maana nasema leo."

Simu ikapigwa hapo hapo. Mzee alitokea kwenye kioo, mwembamba, kofia kichwani, jua la kwao linazama nyuma yake. Bimkubwa alisema naye kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu kama anamwita ng'ambo ya bonde, na binti akatafsiri. Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema maneno machache, na binti akacheka na kulia pamoja.

"Anasema, hakujua kama anaruhusiwa."

"Mwambie nimemruhusu mimi," akasema Bimkubwa, na akadai kuchanwa nywele.

Jumapili mtu wa mkataba alikuta baba na kaka wanachimba mashimo, nazi zilizokwisha ota zimepangwa kando yao. Kaka alikuwa amenuna lakini anachimba. Mkataba ulirudi ulikotoka, na ukoo ukasema watarudi msimu ujao. Waje.

Wiki ile ile Bimkubwa alinitaka nimpigie jamaa yetu aliyebaki Pemba, aende upande wa bondeni akatazame nyuma ya nyumba. Alituletea picha: nyumba ya matofali, bati jipya, na mnazi mrefu uliopinda kidogo. Anayekaa hapo ni yule mtoto, leo bibi mwenye wajukuu, na eka tatu walizopewa wazee wake ndizo hizo. Aliuliza nani anauliza. Alipoambiwa, alisema neno moja tu, na jamaa yetu akatuletea sauti yake mwenyewe: "Mwambieni huu ni wa pili."

Bimkubwa aliisikiliza mara tatu. Kisha akaniomba nimrekodie, nishike simu karibu na mdomo wake. "Mwanangu," akasema, "mimi ndiye niliyesema. Nakutaka radhi."

Sasa kila asubuhi, akishaitikia shikamoo, huuliza mambo mawili. La kwanza ni minazi ya baba imefika wapi, na binti humwonyesha picha: majani manne, matano, mmoja umeliwa na mbuzi umepandwa mwengine. La pili, la Pemba, huniuliza mimi.

"Kajibu?"

"Bado, Bimkubwa. Lakini ameisikia."

"Haya," husema, na kuinamisha kichwa achanwe.