Si Ua Hilo, ni Ua Huu

Dobi wa nyumba ile ya ghorofa mbili alijulikana kwa jina la Mama Pasi. Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho tu. Nyumba ilikuwa kongwe, ya kuta nene za mawe, imejengwa kabla barabara ya mbele haijaona lami. Chini alikaa fundi viatu, ghorofa ya kwanza ilikuwa ofisi ya wakili, na juu kabisa aliishi mwenye nyumba, bibi mstaafu ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Nyuma kulikuwa na ua uliozungushiwa ukuta, wenye karo la saruji na kamba sita. Humo ndimo Mama Pasi alimofua, akaanika na kupiga pasi kwa miaka ishirini na sita, na kwa mikono hiyo iliyochubuliwa na sabuni akasomesha mabinti wawili.

Mwalimu hakujaliwa mtoto, ila alikuwa na dirisha. "Dobi, wingu hilo!" angeita, na Mama Pasi angekimbilia mashuka. Siku nyingine sauti ilishuka kwa jambo jingine kabisa.

"Dobi, umesemaje? Kamba hii zimelegea? Hebu rudia!"

"Kamba hizi zimelegea, Mwalimu."

"Haya, endelea na kazi."

Mama Pasi, aliyeishia darasa la saba, alicheka peke yake. Amerudishwa shule uzeeni, tena bila sare.

Mwalimu alipofariki, nyumba iliangukia kwa mtoto wa kaka yake, bwana aliyevaa tai hata akienda kununua mkate. Wiki haikuisha akabandika tangazo mlangoni: NYUMBA YA KIHISTORIA INAUZWA. DUKA, OFISI, MAKAZI, NA UA WA FARAGHA NYUMA. Kisha akaingia uani na kopo lenye mche wa waridi wenye ua moja lililochanua.

"Mama, shangazi hakukusahau. Kwenye wosia amekuachia ua. Hili hapa."

Mama Pasi alilipokea kwa mikono miwili, machozi yakimtoka, akamwombea marehemu pumziko jema. Bwana Tai akangoja mpaka amina, ndipo akaongeza, "Sasa, Jumamosi naleta mnunuzi. Kamba na mabeseni viwe vimetoka."

"Vitoke viende wapi, mwanangu?"

"Mji ni mkubwa, mama."

Siku tatu zilizofuata Mama Pasi alizimaliza kwa sala na kufungasha. Ijumaa asubuhi wakili, aliyekuwa safarini tangu kabla ya mazishi, akashuka kuchukua mashati yake. Akakuta kamba zote chini.

"Mama Pasi, unahama? Mtu anahamaje kwenye mali yake?"

"Mali gani, Wakili? Mimi nimeachiwa ua tu." Akamwonyesha lile waridi.

Wakili alilitazama kopo, akamtazama na yeye, akapanda ngazi mbili mbili. Aliporudi alikuwa na nakala ya wosia. "Soma mwenyewe. Mimi ndiye niliyeshuhudia akiandika."

Mama Pasi alifuta povu mikononi, akasoma huku kidole kikifuata mstari: *Ua namwachia dobi. Autunze kama alivyoutunza siku zote.* Akasoma tena. Yeye alikuwa mtu wa kusema polepole, asiyependa ugomvi hata na kuku, lakini asubuhi ile kitu kilimpanda kifuani. Karatasi hakuirudisha. Aliifungia kwenye pindo la kanga, akazifunga upya kamba zote sita, akizikaza mpaka zikalia.

Jumamosi Bwana Tai aliingia na mnunuzi, mama mwenye maduka ya vitambaa. Wakakuta mashuka ya nyumba ya wageni yametanda ua mzima. Ilibidi wapite wameinama.

"Mama! Tulikubaliana nini?"

"Ulikubaliana na nafsi yako, mwanangu. Mimi nilikuwa nalia."

"Si nilishakupa ua wako?"

"Umejisikia ulivyosema?" Mama Pasi alichomoa karatasi. "Ua *wako*. Ungekuwa unasema waridi, ungesema ua *lako*. Na Mwalimu angeandika *alitunze*. Kaandika nini hapa? *Autunze*. Si ua hilo la kopo, baba. Ni ua huu ulimosimama."

"Herufi tu hiyo! Shangazi alikuwa mgonjwa, alikosea."

Fundi viatu, aliyekuwa amechungulia mlangoni na kiatu mkononi, aliangua kicheko. "Mwalimu akosee ngeli? Yule alinisahihishia mpaka barua ya posa! Kwa wino mwekundu!"

Shingo ya Bwana Tai ilivimba juu ya kola. "Nitakupeleka mahakamani. Wewe ni mfua nguo tu."

"Mfua nguo, ndiyo. Na kola za mahakimu nazifua mimi, kwa hiyo huko siendi ugenini. Nipeleke. Miaka ishirini na sita nimeufagia ua huu kila alfajiri, nikamshukuru Mungu papa hapa kwenye karo. Sitoki. Ukileta polisi, utanikuta naanika. Ukileta tingatinga, utanikuta naanika."

Hakuwa amepaza sauti hata kidogo.

Mnunuzi aliinua ncha ya shuka, akautazama ukuta mpaka mwisho. "Kwa hiyo dada, nikiinunua nyumba, huku nyuma si kwangu?"

"Si kwako, mama. Nyumba ni nzuri, inunue, tutakuwa majirani. Ila ukitaka kuja huku, utapiga hodi."

Yule mama alitabasamu kidogo, akamgeukia Bwana Tai. "Basi, baba, bei yako na ishuke."

Bwana Tai alifungua mdomo. Mama Pasi hakungoja kusikia kilichokuwamo.

"Mazungumzo ya bei kafanyieni barabarani," alisema, akiwasindikiza kwa upole hadi mlangoni. "Mimi nina mashuka ya kukunja."

Akatia komeo kwa ndani.