Ng'ombe Nilikosa

Siku yangu ya kwanza kazini, Karani Mkuu alinikabidhi taipureta iliyovunjika herufi k. "Acha nafasi, utajaza kwa kalamu," alisema, akaenda kunywa chai. Nilikuwa binti wa Kichaga mwenye cheti cha uhazili, nikidhani mahakama ni mahali pa maneno makubwa. Kumbe kazi yangu ilikuwa kujaza k.

Mahakama yenyewe siitaji, ila ilikuwa hapa Arusha. Ilikuwa miaka ya ruksa: biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa Kwa Mrombo, vijana wanashuka mlimani kutafuta maisha, na mahabusu nako kunajaa. Karani humsomea mshtakiwa shitaka, Hakimu huandika jibu. Mshtakiwa akikiri, mashahidi hawaitwi tena, inabaki adhabu tu. Ndiyo maana jibu lake linatakiwa liandikwe kwa maneno yake mwenyewe.

Lazaro alikuwa na miaka kumi na minane, mfugaji kutoka magharibi ya Meru, Kiswahili chake cha kuungaunga. Nilimsomea shitaka la wizi wa ng'ombe. Akajibu, "Ni kweli nilienda mnadani Kisongo. Ng'ombe nilikosa." Mwendesha Mashtaka akasimama haraka kusema mshtakiwa amekiri. Hakimu, aliyekuwa na rundo la majalada, akaandika bila kuinua kichwa, akatoa miaka mitano.

Nilisikia, nikanyamaza. Hilo silifichi, na linaniuma mpaka leo.

Wiki iliyofuata nilikuwa nikipiga chapa mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa mahakamani. Nikafika kwenye jibu la Lazaro: "Ni  weli nili osa." Nikashika kalamu kujaza k, nikaiweka chini. Ng'ombe hakuwamo kwenye karatasi. Kijana alisema alimtafuta ng'ombe asimpate; sisi tukamwandikia kwamba ametenda kosa.

Nikamfuata gerezani. "Kwa nini ulianza na 'ni kweli'?" nilimuuliza.

"Kule kituoni askari aliniambia, ukisema ni kweli, unarudi nyumbani," alijibu. "Na kwenda, mama, si nilienda, kumtafuta ng'ombe wa baba mdogo aliyepotea?"

Nilipeleka jambo hilo kwa Hakimu Mfawidhi, mkuu wa mahakama yetu. "Bibie," alisema, "karani hapigi chapa masikio yake. Anapiga kilichoandikwa."

"Basi masikio yangu nitayaapia," nilimjibu.

Nikatoa hati ya kiapo, maelezo ambayo ukidanganya unafungwa wewe, na wakili mmoja wa kujitolea akakata rufaa. Mfawidhi akaniita tena. Safari hii alikuwa mpole. "Futa kiapo, andika barua fupi kwamba umekosa. Barua ya kukupandisha cheo iko hapa mezani."

Sikuandika. Nikahamishiwa masjala, chumba cha majalada, na humo nikakaa hadi nywele zikawa nyeupe.

Rufaa yenyewe ilikubaliwa. Lazaro alikuja kwangu Moshono, amekonda, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumbani hawajambo?"

Akatazama chini. "Mama alifariki nikiwa ndani. Mazishi nilikosa."

Nililia mbele yake bila aibu. Hasira ya siku ile haijaniisha, na sitaki iishe. Alimkosa mama yake kwa sababu sisi wenye vyeti tuliona uvivu kuandika neno moja.

Makarani vijana hunitembelea, wananiuliza kama najutia kile kiapo. Najutia siku niliyonyamaza. Kiapo ningekitoa tena kesho, na kesho kutwa.

Siku ya kuniaga, Ofisa Utumishi alisoma historia yangu. Alipofika kwenye masjala akakohoa kidogo, akasema kwa masikitiko kwamba mama huyu, bahati mbaya, alikosa. Ukumbi ukaguna. Nikasimama kabla hajageuza ukurasa.

"Ni kweli, cheo nilikosa," nilimwambia. "Andika sentensi nzima."