Madirisha ya Ndege ya Odhiambo

Sisi tuliokulia Kisumu enzi zile ndege zikitua majini tulikuwa na mchezo ambao watoto wa leo hawauwezi: mchezo wa kunyamaza. Mlio ukisikika mbali juu ya ziwa, wote kimya. Wa kwanza kuiona ndege ndiye aliyekula kichwa cha samaki wetu wa ngege jioni. Nilikula vichwa vingi. Macho nilikuwa nayo, na mdomo pia, kama mnavyonijua.

Baba alikuwa mwosha madirisha wa ndege hizo. Mafundi wakibadilisha dirisha, alileta nyumbani vipande vya ile plastiki angavu, na kaka yangu Odhiambo alivikata, akavipasha moto juu ya makaa na kuvikunja. Kwa vipande hivyo na mbao za sanduku la chai alitengeneza ndege ya maji yenye urefu wa mkono wangu. Ndani aliweka viti, kila kimoja na mto wake wa kitambaa chekundu, na rubani mwenye kofia. Paa alikuwa ameshalibandika kwa gundi, kwa hiyo hayo yote uliyaona kupitia madirisha tu.

Jumatatu alitakiwa kuipeleka kwa mwalimu wa shule ya ufundi. Nafasi ilikuwa moja kwa shule yetu nzima. Akiikosa, atarudi kwa babu, kijijini Asembo, kulima mtama, na Odhiambo na jembe hawakuwahi kupatana.

Jumamosi niliona ndege imeshika moshi wa jikoni. Mimi ndiye niliyesugua sufuria za nyumba ile, na kwetu sufuria ilisuguliwa ziwani, kwa mchanga na majivu, mpaka Mama aiinue usoni na kusema, "Sasa naona meno yangu." Basi nikaibeba ndege pamoja na sufuria, nikaisugua vilevile, kwa mapenzi yote. Mbao zikatakata. Madirisha yakawa meupe kama uji uliolala. Viti sivioni, rubani simwoni.

Odhiambo hakunipiga. Alikaa chini na ndege mapajani, machozi yakimtoka, na alikuwa ameshaota ndevu kama tatu hivi. Heri angenipiga. Kisha akainuka kutafuta petroli ya kuyafutia, na Baba akawa anaingia.

"Acha petroli," Baba alisema. "Itayapasua, na hapo hata mimi sitaweza." Akanigeukia. "Wewe uliyasugua, wewe utayasugua tena. Njoo, nyathina."

Hivyo ndivyo alivyoniita alipokuwa hana hasira, yaani mwanangu, nami nikapumua kidogo. Alinionyesha. Kwanza maji mengi, chembe za mchanga ziondoke zote. Halafu kipande cha msasa mkuukuu, laini kama karatasi, kilicholoweshwa, kwenda upande mmoja bila kubonyeza, maana plastiki ikipata joto inaharibika. "Polepole. Nani anakukimbiza, kiboko?" Mwanzoni madirisha yalizidi kuwa meupe, nikaanza kulia. Baba akasema nisiache, mikwaruzo mikubwa ilikuwa inageuka midogo.

Jumapili baada ya kanisa tukachukua kopo la Mama la unga wa meno, tukaukoroga kwa maji, nami nikasugua duara ndogondogo kwa kipande cha shati kuukuu la Baba. Mkono ulikufa ganzi. Alasiri nikaona wekundu. Mto wa kiti cha kwanza! Nikamwita Odhiambo, akaja akikimbia.

"Na rubani?"

"Ngoja," nikamwambia, kwa madaha kabisa. Kabla ya chakula cha jioni rubani alikuwa anatutazama.

Jumatatu Odhiambo alirudi na nafasi yake. Alituambia mwalimu aliweka jicho dirishani akakaa hapo muda mrefu, kisha akauliza plastiki mpya namna ile imetoka wapi. "Si mpya, bwana," Odhiambo akajibu. "Dada yangu aliiharibu, halafu akaitengeneza." Mwalimu akacheka: "Mikono hiyo ningeichukua leo. Bahati mbaya ni msichana." Nyumbani sote tuliyapokea kama sifa. Nilitembea kifua mbele wiki nzima. Uchungu wa maneno yale ulinifikia nikiwa mtu mzima, na ulikaa.

Enzi zetu nazipenda, msinielewe vibaya. Vijana wa siku hizi simu ikipata mkwaruzo wanataka nyingine, na mjukuu wangu Apiyo, anayeniita Dani kama sisi tulivyowaita bibi zetu, hajui hata sufuria inasuguliwa vipi. Lakini Apiyo huyohuyo anasomea ufundi wa ndege, mwaka wa pili sasa. Juzi nilimuuliza: siku walipomhoji, walisema nini juu ya yeye kuwa msichana?

Alinitazama, halafu akacheka kwa upole, kama unavyomcheka mzee aliyechanganya siku.

"Dani," akasema, "kwani wangesema nini?"