Fahali Asiye na Karatasi

Kwenye ofisi ya mifugo hapa mjini, mama mmoja wa mtaa wa Katuba aliomba fahali wake asajiliwe kuzalisha. Akikataliwa, fahali anakwenda kwa mchinjaji.

"Karatasi ya ukoo iko wapi, mama?" karani akauliza.

"Haiko. Lakini mama yake alikufaka na uzee, nkambo yake, ule bibi yake, vilevile. Kupe na jua hazikubaweza."

Bwana mmoja wa Golf, mtaa wa matajiri, akacheka kwenye foleni. "Yangu ilitokaka Ulaya na karatasi zote!"

"Na sasa iko wapi, papa?" mama akamuuliza.

Bwana akakuna shingo. "Ilikufa. Jua kali."

Karani akagonga muhuri. Penye ukoo aliandika: "Wote walikufa wazee."

Mimi niliyekuwa nyuma yao kwenye foleni nilisoma jenetiki chuoni. Cheti kizuri kama kile sijakiona, na kimetoka kwetu.