Marehemu Mmoja kwa Kila Ukoo

Gesi ilipopatikana baharini, sisi wa Palma tulijaliwa wataalamu. Injinia Dário alitoka Maputo na programu ya kuorodhesha makaburi ya kuhamishwa kupisha kiwanda cha gesi. Watu waliandikisha makaburi ya wazee wao, kila ukoo mstari mmoja, na programu ikatafuta neno "kaburi" na jina linalolifuata. Ajabu ya sayansi: koo arobaini, marehemu arobaini! Kumbe huku hatufi ovyo.

Wahida, binti wa mchokoa pweza wa hapahapa, alikuwa karani wa kupiga chapa majina. Kompyuta aliisomea Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, lakini nani amuulize? Mstari wa kwao wenye makaburi kumi na tisa ulitoka na babu peke yake. Akaifungua programu. Kumbe iliagizwa ikipata jibu la kwanza katika mstari iridhike, isitafute tena. Akabadilisha amri moja tu: leta yote. Yakaja makaburi mia sita.

"Umeharibu programu!" injinia akafoka. "Kijiji kidogo hivi, marehemu wote hawa wametoka wapi?"

"Hawakutoka popote, senhor," Wahida akajibu. "Waliotoka mahali ni nyinyi."